Namna ya kuangalia filamu za makala: anza na unachokijua

Mimi ni fundi cherehani hapa Rahaleo, Lindi mjini. Mapindo na vifungo navimalizia usiku, runinga ikiwa imewashwa, na kinachonivuta zaidi ni filamu za makala. Filamu za hadithi nazo naziangalia, ila hizo hazidai kwamba kila kilichomo ni kweli. Makala inadai. Kwa hiyo ina namna yake ya kuangaliwa.

Chagua kwanza makala inayogusa kitu unachokijua. Sisi wa Lindi tuna Tendaguru, kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale. Makala za dinosaria zikifika Berlin, Ujerumani, mara nyingi kamera hupanda polepole kwenye yule mjusi wetu aliyesimamishwa makumbusho mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikabebwa na wapagazi kwa siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi.

Hapo shika kalamu. Upande mmoja wa karatasi andika kila mtu anayetajwa kwa jina: utapata Fraas, Janensch, Hennig, wataalamu wa Kijerumani, na wanastahili kutajwa. Upande wa pili andika wanaoonekana kwenye picha za zamani lakini hawatajwi: wachimbaji wenye sururu, wapagazi kwenye mstari mrefu. Kisha sikiliza kama msimulizi atamtaja Boheti bin Amrani. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Makala inayomtaja Boheti naiamini hata kwenye mambo nisiyoyajua, kwa sababu naona mtengenezaji alisumbuka kutafuta.

Tazama na miaka. Wachimbaji walikuja kutafuta kibarua, makala zitakwambia, na ni kweli walilipwa. Lakini Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907 tu, kusini kulikuwa kumeteketezwa mashamba na maghala, watu wamekufa kwa njaa, na kodi ya Mjerumani ilidaiwa vilevile. Makala ikiruka hapo, simamisha picha uiwaze kidogo kabla hujaendelea. Mimi jambo hili linaniuma, maana waliobeba mizigo ile ni babu zetu.

Karatasi ya pande mbili inafaa pia kwa makala ya Kilwa Kisiwani, ya korosho, au ya gesi ya Mnazi Bay kule Mtwara.

Ukimaliza hayo, zima sauti kwa dakika chache. Kama ni makala ya wanyama, jiulize, bila kinanda na bila msimulizi, ungejuaje kwamba simba unayeonyeshwa ana huzuni. Wanyama wa porini hupigwa picha kwa lenzi ndefu kutoka mbali, mahali ambapo kinasa sauti hakiwezi kupata mchakacho wa nyayo, kwa hiyo sauti nyingi za namna hiyo hutengenezwa studio baadaye. Hilo mimi nalikubali. Nisilolikubali ni lile la Disney, kampuni ya filamu ya Marekani, la 1958, walipoonyesha panya wa Aktiki wakijitosa baharini kwa hiari yao. Picha zilipigwa Alberta, jimbo la Kanada lisilo na bahari, na wanyama walisukumwa. Filamu ile ilipata tuzo ya Oscar.

Halafu itafute kamera. Mtu anafungua mlango anaingia kwake, na kamera imeshakaa ndani inamsubiri: basi ameambiwa aingie. Mvuvi "yuko peke yake" katikati ya maji: aliyeshika kamera amekaa wapi? Robert Flaherty, katika filamu yake ya 1922 kuhusu Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, aliwajengesha nyumba ya barafu iliyoachwa wazi nusu ili mwanga uingie ndani. Nguo ikiletwa kwangu huigeuza ndani nje kwanza niuone mshono, na makala nayo naitendea hivyohivyo.

Kama unaweza, usiangalie peke yako. Tafuta mwenye ujuzi wa jambo lenyewe. Makala za bahari naziangalia na mzee jirani yangu, mvuvi wa zamani. Usiku mmoja msimulizi anasema ni safari ya asubuhi moja, mzee akanigusa mkono: "Mwanangu, tanga lile la kwanza linapigwa na kusi, hili la sasa ni la kaskazi. Hapo wameunga miezi." Peke yangu nisingeliona hilo.

Kuhusu bando: shusha usiku likiwa rahisi. Ubora wa chini unatosha kwa simu, ila makala yenye picha za zamani ipandishie ubora, maana nyuso ndizo unazozitafuta. Na zile zilizotafsiriwa na madijei, za kibanda umiza, achana nazo kwa makala, kwani mfasiri huongeza ya kwake.

Ikiisha, usiiache nyingine ianze yenyewe. Chukua karatasi yako, chagua mtu mmoja wa upande wa pili, mtafute jina lake mtandaoni au muulize mzee wa karibu. Jibu utakalopata ndilo likuchagulie makala ya kesho.