Tripodi na Kichwa Chake: Namna ya Kuchagua Kulingana na Picha Unazopiga

Tripodi ni vifaa viwili vilivyounganishwa: miguu, ambayo kazi yake ni kutulia, na kichwa, ambacho kazi yake ni kuielekeza kamera na kuishikilia pale pale ilipoelekezwa. Katika tripodi nyingi za daraja la juu, viwili hivyo huuzwa kila kimoja peke yake na kuunganishwa kwa skrubu ya inchi 3/8, huku kamera ikikazwa juu ya kichwa kwa skrubu ndogo ya inchi 1/4. Mnunuzi anayeanza kwa kulinganisha urefu na bei anaanzia mwisho. Swali la kwanza ni kamera itasogezwaje wakati wa kazi, na jibu lake ndilo linalochagua kichwa.

Kwa mandhari, safari na picha za nyota, kichwa cha tufe kinatosha. Ukilegeza kitasa kimoja, kamera huzunguka upande wowote, na ukikikaza hutulia. Tena ni chepesi na hakina mikono inayochomoza kwenye begi. Udhaifu wake huonekana unapotaka kunyoosha upeo wa macho tu bila kugusa mengine, kwa kuwa kulegeza kitasa hicho hulegeza pande zote kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, matufe mengi huinama kidogo baada ya kukazwa: unaliweka ua katikati ya picha, unakaza, unaachia mkono, na ua limeshapanda juu. Katika mandhari huenda usilione tatizo hilo. Katika picha za karibu sana za wadudu na maua litakuudhi kila mara. Chagua tufe lenye kipenyo kikubwa na kitasa cha pili cha kurekebisha ugumu wa mzunguko, ili lenzi nzito isianguke ghafla unapolegeza.

Mpigapicha wa majengo, vyumba au bidhaa hana haraka, ila anahitaji mistari iliyonyooka. Huyu atafaidika na kichwa cha mishikio mitatu, ambacho mshikio mmoja huinua na kuinamisha kamera, wa pili huilaza ubavuni, na wa tatu huizungusha kushoto na kulia, kila mmoja bila kuvuruga kazi ya mwenzake. Bora zaidi ni kichwa cha gia, ambacho kitasa chake kikizungushwa kamera husogea kwa sehemu ndogo ya digrii na kubaki hapo. Ni kizito, na kukipandisha mlimani ni adhabu, lakini studioni sioni cha kukishinda.

Kwa ndege warukao, wanyama na michezo, ambako lenzi za milimita 400 hadi 600 ni jambo la kawaida, hitaji hugeuka: kamera isikazwe, bali iwe huru kufuata. Kichwa cha gimbali huibeba lenzi kwa kola yake, yaani pete inayoizunguka lenzi na kufungwa kwenye kichwa, katika kitovu cha uzito, hivyo ukiitelezesha sahani ya kufungia mbele au nyuma hadi isielemee upande wowote, unaweza kuisukuma lenzi kwa kidole kimoja, na ukiiachia inabaki ilipo. Video nayo ina kichwa chake, chenye kilainishi kizito ndani kinachofanya kamera igeuke kwa mwendo mmoja. Tufe haliiwezi kazi hiyo hata likilegezwa kwa ustadi gani.

Baada ya kichwa, miguu. Kimo kinachofaa ni kile kinachofikisha kamera kwenye jicho lako bila kuinua nguzo ya kati, na hesabu hiyo ijumuishe kimo cha kichwa na cha kamera yenyewe. Nguzo iliyoinuliwa huigeuza tripodi kuwa mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu, na upepo kidogo tu huitikisa. Kwa picha za karibu, afadhali nguzo iwe ya kuondolewa, ili kamera ishuke hadi karibu na ardhi. Miguu ya vipande vinne au vitano hukunjwa ikawa mifupi, jambo zuri kwa msafiri, lakini kipande cha chini huwa chembamba, na hapo ndipo mtikisiko huanzia. Nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko alumini na huzima mtetemo upesi, ingawa wepesi huo ni hasara penye upepo. Ndiyo maana tripodi nyingi zina ndoano ya kutundikia begi. Begi liguse ardhi kidogo, maana likining'inia litayumba.

Kiwango cha uzito kinachotangazwa na watengenezaji kisikutulize: hakuna kipimo kimoja wanachokifuata wote, na kubeba bila kuvunjika si kutulia. Mimi hutaka kiwango kisichopungua mara mbili ya uzito wa kamera pamoja na lenzi nzito kuliko zote. Sahani ya kufungia kamera iwe ya mfumo wa Arca-Swiss, wenye upana wa takriban milimita 38, kwa kuwa watengenezaji wengi huufuata.

Kabla ya kulipa, vuta miguu yote, funga lenzi yako ndefu kuliko zote, zima kizuia mtikisiko cha lenzi na cha kamera, kisha kuza picha kwenye skrini mara 10 ukiwa umelenga maandishi yaliyo mbali. Gonga mguu mmoja kwa ncha ya kidole. Ikiwa maandishi bado yanacheza baada ya sekunde 2, ambazo kamera nyingi husubiri kwa kipima-muda kifupi, mwombe muuzaji akuletee yenye miguu minene zaidi.