Onja mbili mbili, uanzie Dodoma

Ukitaka kujua mvinyo wa nchi za watu, anzia hapa kwetu. Mimi nimekulia Mpunguzi, hapa Dodoma, kwenye shamba la mama, na zabibu nilizila miaka mingi kabla sijajua ladha ya kinachotoka humo.

Nunua chupa mbili tu, za zabibu aina moja kutoka nchi mbili. Rahisi kuliko zote ni Chenin Blanc: inalimwa Dodoma, Afrika Kusini imejaa tele, na asili yake ni bonde la mto Loire kule Ufaransa. Chukua ya Dodoma na ya Afrika Kusini, zote kavu, yaani zisizo tamu. Soma lebo vizuri, maana ukiweka kavu na tamu utakuwa umelinganisha sukari tu.

Halafu zifunge gazeti, mtu mwingine akumiminie. Shemeji yangu alionja akasema, "Shemeji, hii ya kulia ni ya nje, inajieleza yenyewe." Nikafungua gazeti: ya Hombolo, hapa hapa Dodoma. Hakunisemesha mpaka nyama ilipoiva.

Nyeupe iwekwe kwenye friji kwa muda wa saa mbili au tatu. Wanasema nyekundu inywewe na joto la chumbani, lakini chumba hicho ni cha Ulaya. Nyekundu inataka kama digrii 16 hadi 18, na Oktoba ya Dodoma haikupi hizo, kwa hiyo nayo ipe nusu saa ya friji. Na usinunue chupa iliyoanikwa dirishani. Niliwahi kuuziwa moja, ikanuka kama zabibu zilizochemshwa.

Mimina robo glasi, zungusha, nusa kwanza. Usihangaike na matunda ya vitabuni ambayo hujawahi kuyala. Sema pera, nanasi, zambarau, ukwaju, ubuyu. Ukinywa, uzungushe mdomoni. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu. Fizi zikikauka kama umekunywa chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika, huo ni ukakasi. Unatoka kwenye maganda na mbegu, ndiyo maana nyekundu, inayochachushwa pamoja na maganda, inao zaidi.

Jioni nyingine hamia nyekundu. Syrah ya Dodoma iweke na Shiraz ya Australia: zabibu ile ile, majina mawili. Ukiweza, ongeza Makutupora, zabibu nyekundu ya Dodoma ambayo ndiyo yetu hasa, kisha Pinotage, iliyozalishwa Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kupandanisha mizabibu ya Pinot Noir na Cinsaut. Hapo maswali yataanza kuja yenyewe. Jua kali hupandisha sukari ya zabibu na kushusha uchachu, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka pombe. Ulaya baridi huilaza mizabibu, wanavuna mara moja. Kwetu hailali, mama aliikatia matawi akavuna mara mbili kwa mwaka.

Kula kwanza, weka na kikombe cha kutemea. Watu huona aibu kutema, lakini kufikia glasi ya nne asiyetema anasifu kila kitu. Andika maneno matatu kwa kila chupa, kisha ziba zilizobaki, rudisha kwenye friji, na uonje tena kesho yake kabla hujasoma ulichoandika.