Somo: Brauza inaganda au inajivuta kwenye kompyuta? Pitia hapa kabla hujapiga window

Wakuu habari zenu. Chrome ikianza kuganda wengi wanakimbilia kufuta history, ikigoma wanabeba mashine mpaka kwa fundi, fundi anapiga window (anaweka Windows upya) anachukua chake, halafu baada ya muda ugonjwa unarudi uleule maana hakuna aliyeangalia ni kitu gani kinaila hiyo mashine. Mi nasema angalia kwanza ndo uguse. Natumia Windows na Chrome kwenye maelezo, ila Edge ni ndugu yake kwahiyo mengi yanafanana, Firefox ntaigusa sehemu chache tu.

HATUA YA 1: Mgonjwa ni nani?
Ikiganda acha kuklikiklik ovyo, unaizidishia foleni tu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc itafunguka Task Manager ya Windows, angalia CPU, Memory (ndo ram, kumbukumbu ya muda ya mashine) na Disk. Disk ikiwa 100% na ndo kwanza umewasha mashine, brauza unaisingizia, hiyo ni hard disk ya kizamani inapambana na Windows inayojiapdeti kimyakimya, iache imalize. Memory ikiwa juu ya 90% nenda hatua ya 2. Vyote viko chini lakini kurasa hazifunguki? Hapo ni mtandao, jaribu ukurasa huohuo kwenye simu iliyo wifi hiyohiyo uone.

HATUA YA 2: Tafuta mlaji
Hii ndo hatua yenyewe, na watu wengi hata hawajui kama ipo. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, inakuja orodha ya kila kichupo (tab) na kila ekstensheni (viprogramu vya nyongeza vya brauza) na ram inayokula. Firefox andika about:processes pale juu kwenye anwani. Klik neno Memory ili vikubwa vije juu, kisha subiri kidogo uangalie na CPU. Mara nyingi mkosaji ni kichupo kimoja tu, labda saiti ya habari yenye matangazo ya video yanayojicheza yenyewe, au WhatsApp Web iliyoachwa wazi tangu juzi. Kichague, bonyeza kitufe cha End process, kichupo kitabaki palepale kikionyesha kimekufa, ukikihitaji unakirifreshi. Ila kama ulikuwa unajaza fomu humo imeondoka hiyo, kwahiyo angalia unachoua.

Kwanini Chrome inapenda ram hivi? Tangu 2018 kwenye kompyuta kila saiti inawekwa kwenye chumba chake ili saiti moja isichungulie data za nyingine, na moja ikifa zingine zisife nayo. Usalama mzuri, gharama yake ram. Mwenye ram ya GB 8 haoni shida sana, mwenye GB 4 akifungua vichupo ishirini anaanza kulaani kampuni ya simu wakati bando halina kosa.

HATUA YA 3: Vilaze vichupo
Andika chrome://settings/performance, washa Memory Saver. Vichupo usivyovigusa vinalala na vinaachia ram, ukivirudia vinajifungua upya. Edge nayo inayo. Na kama we ni wale wa "ntasoma baadae", bonyeza Ctrl+Shift+D vyote vinahifadhiwa kwenye folda moja, halafu funga. Hutavisoma lakini angalau havikai kwenye ram.

HATUA YA 4: Ekstensheni
Fungua dirisha la siri kwa Ctrl+Shift+N, huko ekstensheni hazifanyi kazi mpaka uziruhusu mwenyewe. Brauza ikikimbia huko, mchawi umempata. Nenda chrome://extensions zima zote, washa moja moja huku ukitumia. Anza kushuku za kudownload video, vpn za bure, na ile ambayo hata hukumbuki uliiweka lini.

HATUA YA 5: Grafiki
Kama skrini inakuwa nyeusi, inachorekachoreka au inaganda hasa kwenye video, nenda chrome://settings/system zima swichi ya grafiki (graphics acceleration), fungua Chrome upya. Mashine za zamani zenye draiva (programu inayoendesha grafiki) chakavu hii inazisaidia sana. Video zikizidi kukwama, irudishe.

Kufuta kashe (picha na mafaili ya saiti ambayo brauza imeyahifadhi) nimeiacha mwisho makusudi. Ctrl+Shift+Delete inasaidia saiti moja ikiwa inafunguka vibaya, ila kuifuta kila siku ni kujitesa, picha zilezile zinashushwa upya na bando linaliwa. Na zile programu za "kusafisha ram" zitoe kabisa, zenyewe ndo mzigo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mi niko Windows 7, Chrome inagoma kuapdeti, hizo hatua zitafanya kazi?
Jibu: Nyingi ndio, Memory Saver sina uhakika utaiona. Chrome 109 ya 2023 ndo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Firefox walibakiza toleo la 115 ESR (la kuhudumiwa muda mrefu) kwa ajili yenu, ila mambo ya benki usiyafanyie kwenye mashine hiyo.

Swali: Nikifunga Chrome bado naiona Task Manager, na matangazo ya kamari yanatokea kona ya chini. Ni kirusi?
Jibu: Mara nyingi hapana dada, kuna saiti uliibonyezea "ruhusu" ikutumie taarifa. Nenda chrome://settings/content/notifications uitoe. Halafu nenda chrome://settings/system zima ile ya kuendelea kufanya kazi Chrome ikifungwa. Yakiendelea ndo uskani.

Swali: Nikireset Chrome password zangu zinapotea?
Jibu: Hapana. chrome://settings/reset inazima ekstensheni na kufuta kuki, kwahiyo utalogini upya kwenye saiti zako, lakini password na alamisho zinabaki.

Swali: Kaka nina hela ya kitu kimoja tu, niongeze ram au niweke SSD (diski ya kisasa yenye kasi)? Nina ram GB 4.
Jibu: Rudi hatua ya 1, tumia mashine kama kawaida yako huku umeifungua Task Manager. Disk ikigonga 100% wakati Memory ina nafasi, weka SSD. Memory ikijaa ndo disk inafuata, ongeza ram. Ila kabla hujalipa fungua mashine uone kama ina sloti ya pili ya ram, kuna laptop nyembamba ram imechomelewa kwenye bodi, hapo huna chaguo ni SSD tu.