Namna ya kujiandaa, ukiwa Dodoma, kwa matembezi ya siku nne juu ya Ukuta Mkuu wa China

Mkazi wa Dodoma mjini hulala kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya ukuta unaotembelewa kaskazini mwa Beijing iko chini ya mita 1,000. Kwa hiyo mtu anayetoka kwetu hana sababu ya kuhofia uhaba wa hewa unaowasumbua wapandaji wa Kilimanjaro. Kinachowashinda wengi ni ngazi, na zaidi ya kuzipanda ni kuzishuka. Nayaandika haya baada ya kwenda huko na wenzangu sita wa hapa Dodoma, na baada ya kuona ni maandalizi yapi yalitufaa na yapi yalikuwa gharama bure.

Jambo la kwanza ni kuchagua vipande vya kutembea. Kipimo cha kilomita 21,196 kilichotangazwa na serikali ya China mwaka 2012 ni jumla ya kuta za zama nyingi, nyingine zikiwa matuta ya udongo tu katika nyika, na hakuna ratiba ya siku nne inayoweza kuugusa hata ukingo wake. Ukuta wa mawe na matofali unaouona kwenye picha ni wa utawala wa Ming, uliodumu kuanzia 1368 hadi 1644, nao unapatikana vizuri katika milima iliyo umbali wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka Beijing. Mpangilio ninaoupendekeza ni Gubeikou siku ya kwanza, Jinshanling siku ya pili, Simatai siku ya tatu na Mutianyu siku ya mwisho. Gubeikou haijakarabatiwa sana, na minara yake mingi ina majeraha ya umri na ya vita, kwa kuwa majeshi ya China na Japani yalipigana hapo mwaka 1933. Jinshanling ndiyo siku kubwa: kilomita 10.5 za ukuta zenye minara 67, na inafaa kupewa siku nzima bila haraka. Simatai ni fupi lakini ni mkali, na sehemu iliyo wazi kwa wageni ni ndogo. Mutianyu imekarabatiwa, ina watu wengi, na ina magari ya kuning'inia kwenye waya ya kukuteremsha, jambo ambalo siku ya nne mtu hulipokea bila aibu.

Usikubali ratiba inayodai kwamba mtaunganisha vipande hivi vyote kwa miguu bila kuteremka ukutani. Kati ya Gubeikou na Jinshanling lipo eneo la jeshi ambalo watembeaji hulizunguka kwa njia ya chini, na ile njia ya zamani ya kutoka Jinshanling hadi Simatai juu kwa juu haipitiki tena. Kanuni za China za kuulinda ukuta, zilizoanza kutumika Desemba 2006, zinakataza shughuli za makundi yaliyoandaliwa katika sehemu ambazo hazijafunguliwa kwa watalii, na vilevile zinakataza kung'oa tofali au kuchora jina. Sisi tuliuziwa safari na wakala ambaye aliiweka ndani yake siku moja ya «ukuta wa porini», na asubuhi hiyo tulikuta kibao cha katazo, tukasimama mbele yake nusu saa huku mwongoza watalii akipiga simu, kisha tukarudi garini. Fedha ya siku hiyo haikurudi. Kabla ya kulipa, basi, taka jina la kila kipande kwa maandishi, uliza kama kiko wazi kwa wageni na kama tiketi yake imo katika bei, na hakikisha kwamba mwongoza watalii ana leseni na kwamba yeye mwenyewe, wala si mwenzake wa ofisini, ndiye atakayepanda nanyi.

Sasa miguu. Vipandio vya ukuta huu havina kipimo kimoja: kimoja kina kimo cha kiganja, kinachofuata kinakaribia goti, na baada ya hapo huja mteremko laini usio na kipandio kabisa. Mguu hauwezi kuzoea mwendo mmoja, na kila hatua inataka uamuzi. Kwa sababu hiyo mazoezi ya kukimbia barabarani, ambayo wengi wetu tuliyategemea, husaidia pumzi na kuliacha goti kama lilivyokuwa. Anza wiki nane kabla ya safari, mara tatu kwa wiki, katika vilima vya Mlimwa au kilima chochote cha mawe kilicho karibu nawe, kwa kuwa mawe yetu yasiyo sawa yanafanana na ukuta kuliko ngazi za ghorofa. Weka chupa nne za maji za lita moja na nusu ndani ya begi la mgongoni, upate kilo sita, kisha panda kwa mwendo wa kawaida na ushuke kwa nusu ya mwendo huo. Wakati wa kushuka kunja goti kidogo kabla ya uzito kulifikia, geuza mwili upande kidogo kipandio kinapokuwa kirefu, na usiruke hata kama kijana aliye nyuma yako anaruka. Ukifika wiki ya sita, tafuta siku mbili mfululizo za kutembea katika milima ya Kiboriani kule Mpwapwa, ukiwa na mwenyeji wa eneo na baada ya kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji. Lengo la siku ya pili ni kujua mapaja yako yanasema nini yanapoamshwa yakiwa bado yanauma, maana siku ya tatu ya ukuta ni hiyo hiyo.

Viatu viwe vimeshavaliwa angalau mwezi mzima, na soli yake ishike vizuri, kwa kuwa tofali lililosuguliwa na nyayo za miaka mingi huteleza hata pasipo mvua. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla ya kuanza, kaza kamba za viatu kwenye kifundo kila mnapoanza kushuka, na ubebe plasta za malengelenge. Fimbo mbili za kutembelea zenye ncha za mpira husaidia, isipokuwa mahali ambapo mikono inahitajika kushika vipandio. Hapo zifungwe kwenye begi.

Majira yanayofaa ni Aprili mwishoni hadi Mei, au Septemba mwishoni hadi Oktoba, lakini epukeni wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni likizo ya taifa la China na ukuta hujaa kama soko. Julai na Agosti kuna joto, mvua na radi, na mnara ulio juu ya mlima si mahali pa kukimbilia radi. Usiku wa Oktoba katika vijiji hivyo baridi hushuka hadi nyuzi 5 hivi, kwa hiyo koti tunalovaa Dodoma katika upepo wa Juni linahitaji fulana nzito ndani yake. Viza huombwa Dar es Salaam, na kwa treni ya mwendokasi shughuli hiyo si mzigo tena.

Mwombeni mwongoza watalii asimame Jinshanling na kuwaonyesha mambo matatu ambayo mtu anayetazama miguu yake huyapita. Kwanza, zipo kuta fupi zilizojengwa katikati ya njia kwenye mteremko, ili askari aliyezidiwa arudi nyuma hatua kwa hatua akiwa na kinga. Pili, matofali mengine yana maandishi ya mwaka na kikosi kilichoyatengeneza, hivyo tofali bovu lilijulikana limetoka kwa nani. Tatu, minara yenye vyumba ndani ni kazi ya jemadari Qi Jiguang, aliyehamishiwa mpaka huu mwishoni mwa miaka ya 1560 baada ya kupigana na maharamia pwani ya kusini, akajenga minara zaidi ya 1,000 ili askari walale, wahifadhi silaha na wakingwe na mvua. Chokaa iliyoyashika matofali ya enzi hizo mara nyingi ilichanganywa na uji wa mchele unaonata. Mgogo aliyekulia katika tembe, ambamo nyumba, zizi na ukuta wa kujikinga ni jengo moja, hatahitaji maelezo marefu kuhusu mnara wa namna hii. Habari ziliruka kutoka mnara hadi mnara kwa moshi mchana na moto usiku: katika kanuni ya Ming, moshi mmoja na mlio mmoja wa mzinga vilimaanisha adui wapatao 100, viwili 500, vitatu 1,000, na vitano 10,000.

Kwa chakula, nyumba za wageni za wanakijiji hupika vizuri na kwa wingi, ila nyama ya nguruwe huingia hata kwenye sahani inayoonekana ya mboga, kwa hiyo Mwislamu amtaarifu mwongoza watalii tangu siku ya kupanga na ajifunze neno «qingzhen», linaloandikwa kwenye vibao vya chakula cha halali. Msibebe nyama kavu wala matunda mabichi kutoka nyumbani, kwani hayaruhusiwi kuingia. Simu iandaliwe mkiwa bado Dodoma: WhatsApp na Google hufungwa huko, hivyo pakueni mapema WeChat ya kuwasiliana na Alipay ya kulipia, unganisheni kadi ya benki na kuijaribu, na muwafundishe walio nyumbani kutumia WeChat. Saa za Beijing ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Kila mtu abebe lita mbili za maji kila asubuhi, kwa sababu wauzaji wa juu ya ukuta hawapo kila siku, na bei yao hupanda pamoja na ngazi.

Siku ya tano iachwe wazi, msipange ndege. Mapaja huuma zaidi siku moja au mbili baada ya kushuka, na wawili kati yetu walilazimika kushuka ngazi za hoteli kinyumenyume, wakishika mbao za pembeni kwa mikono yote miwili.