Shamba limejaa visiki? Usiving'oe kwanza, soma hapa (kisiki hai kwa watu wa Dodoma)

Mbukwenyi wadau. Msimu ukikaribia huku kwetu watu wanaandaa mashamba, na kuandaa kwa wengi maana yake ni kung'oa kila kinachochipua, kukusanya, kuchoma, hadi shamba libaki jeupe kama uwanja wa mpira, hapo ndo unaonekana mkulima kweli. Ukiacha vichaka viwili vitatu jirani akipita lazima aulize, vipi mzee, mwaka huu umelala?

Mi naona shida inaanzia kwenye hiyo aibu, sio kwenye jembe. Kupanda mti tunaona kazi na picha tunapiga, kuacha mti unaoota wenyewe tunaona uvivu, yaani ardhi mpaka ituhitaji sisi ndo tujione tumefanya kitu. Kumbe chini ya kile kichaka kuna mizizi ya mti uliokatwa zamani, bado mizima, na imeshafika mbali kuliko mche wowote wa kitalu utakaoupanda leo ukauke mwezi wa nane.

Kisiki hai ndo hicho, unachagua machipukizi ya kisiki na kuyatunza mpaka yawe mti tena. Vifaa ni panga kali na vipande vya kitambaa, basi.

Kabla hujakata zunguka shamba zima uangalie visiki vinavyochipua, mgunga, mkwaju, chochote cha kienyeji, uamue vipi vinabaki. Kama unalima alizeti au karanga usirundike miti kivuli kikazidi, na acha nafasi plau ipite.

Kwenye kisiki kimoja utakuta machipukizi hata kumi na kitu yanagombania mzizi uleule. Acha kama matatu hivi, manene, yaliyonyooka. Mengine kata karibu kabisa na kisiki, panga litoke chini kwenda juu, maana ukishusha kutoka juu gome linachanika mpaka chini na kidonda hakifungi vizuri. Mkato uwe wa mshazari maji yasituame. Yale uliyoyaacha toa vijitawi vya nusu ya chini, juu usiguse.

Afu funga kitambaa kwenye hayo uliyoyaacha. Watu wanakidharau ila ndo kinamwambia mchunga mbuzi na mtafuta kuni kwamba hapa kuna mwenyewe. Miiba uliyokata izungushie palepale.

Sasa mbuzi na ng'ombe ndo mjadala. Mwaka 1973 serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na 1979 mifugo ikatolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya. Majani na vichaka vikarudi, hilo halina ubishi, ila aliyelipia ni mfugaji. Kwa shamba lako huna haja ya kufika huko, kaa na wafugaji kabla ya mavuno mkubaliane mabua waje kulisha lini na wapite wapi. Ukiwafukuza na samadi inaondoka nao.

Na anayedhani trekta lingemaliza yote aangalie Kongwa. Waingereza walianza mradi wa karanga 1947, wakasafisha pori kwa mashine kubwa, udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa mgumu balaa, mvua nazo zikagoma, 1951 wakaachana nao. Pori kwao lilikuwa uchafu tu, wakati Wagogo na ng'ombe wao na mtama wao walikuwa wanaishi humohumo. Sisi tunaochoma kila mwezi wa kumi sijui tunawacheka kwa lipi.

Baada ya hapo ni kurudi mara kwa mara. Kisiki kitatoa machipukizi mapya, yakate. Yale uliyoyaacha yakifikia unene wa fito unaweza kuvuna moja ukaacha mawili, kuni za nyumbani zinatoka hapohapo. Moto usiwashe karibu. Ila kama kisiki kipo kwenye pori la kijiji na sio shambani kwako, ongea na serikali ya kijiji kwanza, kabla hujagusa hata tawi.