Unauza nyumba? Usianze na rangi

Kabla hujamwita fundi rangi, tafuta dalali. Tena tafuta watatu, wa vijiwe tofauti, na usiwaambie kwamba unauza. Waulize tu: "Wanaokuja kununua mtaa huu wanataka nyumba au wanataka kiwanja?" Shangazi yangu aliipaka rangi nyumba yake ya Magomeni nje ndani, akabadilisha na vitasa. Aliyeinunua alileta katapila wiki ya pili. Mnunuzi wa namna hiyo mfyekee majani, muonyeshe bikoni, yale mawe ya mipaka, zilipo, basi.

Nyumba ya marehemu baba ilikuwa Tabata, na madalali wote watatu walisema huku watu wanatafuta pa kuhamia. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Tuko watoto watano, kila mmoja na lake. Kaka mkubwa alitaka silingi ya jipsam sebuleni, yenye zile taa za kujificha. Mdogo wetu wa mwisho alitaka makabati mapya ya jikoni. Mimi nikawaambia tusubiri mvua.

Nyumba inayokaguliwa kiangazi inakuficha mengi. Masika ilipoanza nilikwenda na daftari, nikapita chumba kwa chumba. Chumba cha wageni silingi bodi ilikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia. Fundi akapanda juu akakuta misumari minne ya bati imelegea, mipira yake imekauka na kupasuka. Kazi ya asubuhi moja. Ila usibadilishe silingi bodi kabla hujaziba juu, na usiliache doa ukidhani ni dogo: mnunuzi akiona doa hakati bei ya misumari minne, anakata bei ya paa zima. Ndiyo hesabu niliyoitumia kwa kila kitu. Nikitengeneza natoa shilingi ngapi? Nisipotengeneza, yeye atakata ngapi kwa woga wake?

Kazi kubwa ilikuwa ukutani. Wenye nyumba za Dar mnaijua ile chumvi: rangi inavimba chini ya ukuta, ukiigusa inamomonyoka, ndani unga mweupe. Hapo ndipo nilipokosea. Niliikwangua tu, nikapaka rangi ya maji mikono miwili, ukuta ukang'aa. Mteja wa kwanza alikuja baada ya wiki tatu, mzee mmoja mpole. Akainama karibu na mlango wa jikoni, akabonyeza kwa dole gumba. Rangi ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Hakusema kitu. Akajifuta kidole kwenye leso, akauliza njia ya kutokea barabarani.

Chumvi haitibiwi na rangi. Maji yanapanda kutoka ardhini na chumvi yake. Yakikauka, chumvi inabaki inasukuma plasta. Kwetu chanzo kilikuwa bustani ya mama: udongo ulikuwa umerundikwa ukutani kwa nje mpaka ukapita usawa wa msingi. Tukautoa, tukaelekeza maji ya paa mbali na ukuta, tukabandua plasta mpaka kwenye tofali, kimo cha mita moja. Tukauacha ukuta upumue. Kisha plasta mpya, kwa mchanga usio wa pwani na saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Fundi rangi atakuharakisha, mkatalie. Plasta mpya inataka kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi.

Mengine yalikwenda haraka. Shimo la choo tulilinyonya, maana harufu haina maelezo. Bomba linalovuja, swichi iliyoungua, geti linaloburuza chini: tengeneza vyote, ni vya bei ndogo, na mtu akiviona vitatu anaanza kukutafutia cha nne. Rangi ikaja mwisho, nyeupe ya maziwa nyumba nzima. Makabati tuliyaacha. Jikoni kila mwanamke ana mpango wake, na mke wa mnunuzi alipoingia tu alisema sinki atalihamishia dirishani.

Makaratasi nayo ni ukarabati, na pengine ndiyo unaolipa kuliko wote. Hati ilikuwa bado na jina la baba. Kuihamishia kwa msimamizi kulichukua muda mrefu kuliko mafundi wote, na bila hivyo mnunuzi anayekopa benki asingetugusa. Angalia pia deni la maji, kodi ya ardhi, na kodi ya jengo ile inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU.

Kuhusu jipsam, kaka alishinda. Alitoa hela zake, akasema atarudishiwa juu ya bei. Sikutaka ugomvi wa msiba mara ya pili, nikanyamaza. Ilipendeza, sikatai. Mnunuzi akaitazama, akasema ukuta wa sebule atauvunja apate nafasi, na bei hakupandisha hata laki.

Risiti za saruji, mabati na ufundi ziweke kwenye bahasha moja. Ukifika kwenye kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida unayopata ukiuza, gharama za kuiboresha nyumba zinaingia kwenye hesabu, lakini lazima uwe na ushahidi. Zangu zilikuwepo zote. Fundi wa jipsam hakumpa kaka hata karatasi.