Kukagua nyumba dhidi ya mchwa, kuanzia msingi hadi kenchi

Mchwa haanzi kula mbao kwa nje. Huingia kwa chini au kwa nyuma, pale mbao inapogusana na ukuta, akamaliza nyama ya ndani na kukuachia ngozi tu: rangi, vanishi na utando mwembamba wa mti. Ndiyo maana mwimo wa mlango unaweza kuonekana mzima mpaka siku bawaba inapong'oka pamoja na skrubu zake. Ukisubiri kuona mbao iliyoliwa umeshachelewa. Kinachotafutwa katika ukaguzi ni njia. Mchwa ana ngozi laini inayokauka upesi hewani, kwa hiyo kila anapolazimika kupita mahali peupe hujijengea paa la udongo. Njia hiyo hawezi kuificha, labda wewe mwenyewe uwe umemfichia.

Na wenye nyumba wengi wamemfichia.

Fungua msingi uonekane

Kutoka usawa wa ardhi hadi usawa wa sakafu ya ndani zibaki sentimita 15 za msingi ulio wazi, kuizunguka nyumba nzima. Mchwa wa ardhini akitaka kupanda kwa nje lazima aupite ukanda huo, nawe utamwona. Kosa linalorudiwa mno mijini ni kupiga pevingi bila kupima: kinamwagwa kifusi, unafuata mchanga, vinapangwa vitofali, na uwanja unapanda mpaka unalingana na sakafu. Tangu siku hiyo mchwa anapita nyuma ya plasta, na habari zake utazipata atakapotokeza kwenye skatingi sebuleni. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani ina ubaya uleule, tena inamwagiliwa kila jioni. Vigae vya urembo vilivyobandikwa chini ya ukuta wa nje navyo huacha uwazi mwembamba nyuma yake, na huo kwa mchwa ni barabara ya lami.

Kama pevingi imeshapanda, huna haja ya kung'oa uwanja wote. Ondoa safu moja ya vitofali kando ya ukuta, chimba hadi msingi uonekane kwa sentimita 15, kisha weka mteremko ili maji yasituame humo. Maua yasogezwe walau nusu mita. Kuni, mabaki ya mbao za shataringi na maboksi visilazwe chini kandokando ya nyumba. Viweke juu ya chanja cha chuma au matofali, mbali na ukuta. Maji ya kiyoyozi yanayodondokea msingini, koki ya nje inayovuja, tangi linalofurika kila usiku: rekebisha hivyo kwanza, maana udongo wenye unyevu kiangazi chote ndio anaoutafuta mchwa.

Wa udongo na wa mbao kavu

Ukikuta udongo ukutani, huyo ni mchwa wa ardhini. Kiota chake kiko chini, pengine kwenye kichuguu unachokiona na pengine bila dalili yoyote juu ya ardhi, na anaweza kusafiri makumi ya mita kufuata chakula. Huyu ndiye anayesumbua karibu kila mahali, bara na pwani.

Wa pili hana udongo kabisa. Ni mchwa wa mbao kavu, anayeishi ndani ya mbao anayoila bila kugusa ardhi. Hupenda joto na unyevu wa pwani, na hukaa kwenye fremu, boriti, vitanda na makabati. Dalili yake ni vinyesi: chembe kavu zenye ukubwa wa mbegu za mchicha, zilizorundikana chini ya tundu dogo kama la sindano nene. Zisugue kati ya vidole; zinakwaruza kama mchanga. Ukizitazama kwa lenzi utaona kila chembe ina pande sita. Ukikuta unga laini kama wa sembe, basi anayekula ni bungua, na dawa yake ni nyingine. Fundi asiyetofautisha hawa watatu atakuuzia kazi isiyo yako.

Mzunguko wenyewe

Beba tochi kali, bisibisi bapa, kioo kidogo cha mkononi, chaki, daftari na ngazi. Nyumba ya vyumba vitatu huchukua kama saa moja na nusu ukiifanya kwa utulivu. Anzia mlango mkubwa na uzunguke kwa upande uleule kila mara, ili usiruke kona.

Nje, shika tochi sambamba na ukuta, mwanga uuparuze badala ya kuupiga usoni. Njia ya mchwa yenye upana wa penseli, iliyopakwa vumbi la rangi ya ukuta, haionekani kwa mwanga wa mbele, ila kivuli chake kinaonekana. Angalia pembe za nyumba, chini ya ngazi za baraza, nyuma ya mabomba yanayoshuka, na kila mahali bomba la maji au la maji taka linapotoboa msingi. Ufa wa milimita 1 au 2 unawatosha. Magogo ya uzio, visiki na miti mikavu uwanjani ikaguliwe pia, kwa kuwa huko ndiko wanakoanzia kabla ya kuhamia ndani.

Ndani, miguu ya miimo ya milango ndiyo ya kwanza. Mafundi wengi husimamisha fremu kabla ya kumwaga sakafu, hivyo mguu wa mbao unazama sentimita kadhaa ndani ya zege, na mara nyingine unagusa kifusi. Hapo mchwa anapanda kutoka ardhini moja kwa moja hadi ndani ya mbao bila kutokeza nje hata sentimita moja. Kwa hiyo macho hayatoshi. Gonga kwa kipini cha bisibisi kuanzia sakafuni kwenda juu, kila baada ya sentimita 10. Mbao nzima hujibu kwa mlio mfupi na mkavu. Iliyoliwa hulia kama boksi. Unaposikia mlio umebadilika, chomeka ncha ya bisibisi kwa nguvu ya kiganja tu. Ikizama bila ubishi, umempata. Rangi iliyovimba kidogo kama lengelenge, au iliyobonyea kama karatasi iliyolowa, ni mahali pa kuchomeka pia.

Baada ya milango, nenda vyumba vyenye maji: ukuta wa upande wa pili wa bafu, chini ya sinki, nyuma ya makabati ya jikoni. Vuta droo zote na umulike nyuma. Makabati ya mbao za kusaga huliwa haraka sana kwa sababu migongo yake imebanana na ukuta wenye unyevu. Sogeza kabati la nguo na maboksi ya vitabu. Boksi lililokaa sakafuni miaka miwili bila kuinuliwa ni mahali pa kuanzia, si pa kumalizia.

Darini watu wengi hawapandi, na huko ndiko hasara kubwa iliko. Mulika juu ya kuta zote pale kenchi inapolala, kwani mchwa aliyepanda ndani ya ukuta hutokea hapo. Gonga ncha za kenchi, pau za karibu na sehemu zinazovuja, na fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) kwa nje. Karatasi ya jipsamu huliwa na kuacha jipsamu tupu. Michirizi ya kahawia kwenye dari nyeupe si lazima iwe ya mvua. Wenye nyumba za kale za mawe, za Unguja, Lamu au Mombasa, waelekeze tochi kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Katikati ya boriti huwa pazima wakati ncha zimekuwa unga.

Andika tarehe, mahali, na ulichokiona, hata kama hukuona kitu. Piga picha kila pahala penye shaka kutoka sehemu ileile.

Ukikuta njia, usiifagie

Hapa ndipo watu hujikosesha. Mtu anaona mstari wa udongo, anachukua fagio, anapuliza dawa ya mbu, anapaka rangi. Wanakufa mchwa mia, maelfu wanabadilisha njia, na wewe umefuta ramani uliyokuwa umepewa bure.

Badala yake, vunja kipande cha sentimita 2 au 3 katikati ya njia na uache ncha zote mbili. Tazama kwa dakika moja. Wakitoka wafanyakazi weupe na askari wenye vichwa vya kahawia, jibu liko wazi. Wasipotoka, chora duara kwa chaki, andika tarehe, urudi baada ya siku 3, na tena baada ya wiki. Pengo likizibwa kwa udongo mbichi wenye rangi iliyokolea, njia inatumika. Likibaki wazi, na udongo uliobaki unapukutika ukiugusa, njia hiyo imeachwa, jambo lisilomaanisha kwamba nyumba imeachwa. Fuata njia pande zote mbili, chini hadi inapozama ardhini na juu hadi kwenye chakula. Mtia dawa atahitaji kuzijua hizo ncha mbili.

Kwa mchwa wa mbao kavu, fagia chembe zote, tandika karatasi chini ya tundu na uiangalie baada ya wiki mbili. Usiigonge wala kuisogeza mbao katikati ya muda huo, kwa sababu hata kundi lililokufa zamani hudondosha chembe likitikiswa.

Lini

Mara nne kwa mwaka yatosha kwa nyumba ya kawaida, na ni vizuri kufuata mvua badala ya tarehe. Kwenye misimu miwili ya mvua, pita wiki ya pili baada ya masika kuanza, kisha masika yanapokatika, halafu katikati ya kiangazi mchwa wanapofuata maji bafuni na jikoni, na mara ya nne wakati wa vuli. Kumbikumbi wakiruka jioni baada ya mvua na kujaa taani, hilo peke yake si msiba, wametoka uwanjani. Ila ukikuta asubuhi mabawa yamelala ndani ya dirisha lililofungwa, wametokea humo humo, na kundi linalotoa kumbikumbi limeshaishi miaka kadhaa. Hakikisha tu ni kumbikumbi: mabawa yake manne yana urefu sawa na kiuno hakikubanwa, wakati sisimizi wenye mabawa wana kiuno chembamba na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Dawa, kwa hesabu

Ukuta wa dawa kuizunguka nyumba hupimwa kwa lita. Mfereji wa upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30, uliochimbwa ukigusa msingi, unataka lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya urefu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mzunguko wa mita 44, yaani lita 220, sawa na mabomba 14 ya mgongoni ya lita 16. Anayekuja na bomba moja akazunguka nyumba nzima amenyunyizia majani. Udongo unaorudishwa mferejini nao unyweshwe dawa tabaka kwa tabaka. Palipo na zege linaloshikana na ukuta, hutobolewa matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 30, dawa ikaingizwa hadi kwenye udongo, kisha yakazibwa kwa saruji.

Kwa nyumba iliyokwisha kuvamiwa, dawa ya polepole isiyo na harufu ya kuwafukuza, kama fipronili au imidaklopridi, ni bora kuliko sipamethrini inayowafukuza, maana mchwa huipita bila kuishtukia na kuwapelekea wenzao. Kipimo cha kuchanganya kisomwe kwenye lebo, na dawa iwe imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB. Usimwage karibu na kisima, wala siku yenye mawingu ya mvua. Ukishaweka, usichimbe tena hapo kupanda maua. Jembe moja limefungua mlango.

Oili chafu inayopakwa kwenye nguzo huwafukuza kwa muda, ikaoshwa na mvua na kuishia kwenye udongo na maji. Kufukua kichuguu na kumtoa malkia ni kazi ya siku nzima ambayo mara nyingi huua kundi lisilohusika, kwa sababu wanaokula fremu yako huenda wana kiota kingine.

Usibadilishe mbao zilizoliwa mpaka ukaguzi mara mbili mfululizo uwe safi, wa kwanza mwezi mmoja baada ya dawa, wa pili baada ya miezi mitatu. Dawa ikishawekwa, ondoa njia zote za zamani, ili mpya ikijengwa uijue. Fremu mpya iwe ya kiini cha mninga au mkongo, si ule weupe wa pembeni ambao huliwa kama mti mwingine wowote. Ukitumia paini iliyotiwa dawa, kata kipande ukiwa bado dukani: kama rangi ya kijani imeishia kwenye ngozi na ndani mbao ni nyeupe, imechovywa tu, irudishe. Kila ncha utakayokata ipakwe dawa ya mbao mara mbili kabla ya kusimamishwa, na mguu wa mwimo ukae juu ya sakafu iliyokauka, ukishikwa kwa chuma, usizikwe ndani yake.